Kilo Mia Kwenye Mzani

Kaka yangu ni mnadi, na jina lake la kazini ni Kilo Mia. Jina la nyumbani analo, ila ukiliita pale uwanja wa mnada hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Hilo la Kilo Mia alilipata ujanani, wakati ambapo akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Sauti nayo ilikuwa ya ukubwa huohuo. Vitu vya watu vilivyochoka, makabati, vitanda, majokofu yanayokoroma, vikipita mdomoni mwake vinatoka vipya. Wako watu waliokuwa wanakuja bila nia ya kununua chochote, wanakuja kumsikiliza tu, na jioni unawaona wanaondoka na meza kichwani.

Mimi ni fundi cherehani, na ndiye mdogo wake anayemfuata. Yeye huniita Sindano, na si kwa sababu ya kazi. Nina hasira za karibu, najijua, na ukinikosea leo radhi yako naipokea wiki ijayo. Duka langu limegusana ukuta na uwanja wa mnada, kwa hiyo sauti ya kaka naisikia kutwa nzima kama wengine wanavyosikiliza redio. Nikishona, nashona kwa mwendo wake.

Miaka hii ya karibuni alikuwa amepungua. Ugonjwa wa sukari ulimpata, akaacha alivyoambiwa aache, akatembea kila asubuhi kama alivyoambiwa atembee, na mwili ukateremka. Mwingine angefanya sherehe. Yeye aliona haya. Siku moja alikuja dukani, akafunga mlango nyuma yake, akasema, "Sindano, mnadi mwembamba nani atamsikiliza? Watadhani na mimi ninauzwa." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamshonea koti lenye sponji mabegani, kifuani na kiunoni, na suruali pana za kuvalia juu ya suruali nyingine, na nilivyo fundi, kazi ile niliifanya vizuri kupita kiasi. Akipanda juu ya meza yake ya kunadia, alikuwa Kilo Mia yuleyule. Wapagazi wake hawakujua. Wateja hawakujua. Mimi na mke wake tulijua, lakini tulikuwa tumemzoea ndani ya lile koti hadi tulikuwa hatukumbuki tena kwamba tunajua.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Nilikuwa napinda ukosi wa shati, na kaka upande wa pili wa ukuta anasifia kabati. "Kabati hili, ndugu zangu, msilione limesimama tu," alisema, "kabati hili lina..." Halafu kimya. Nikangoja. Kaka yangu ana kawaida ya kunyamaza kidogo kabla ya kusema uongo mkubwa, ndiyo mbinu yake. Lakini kimya kile kilipitiliza. Nikaondoa mguu kwenye cherehani, na papo hapo nikasikia kipaza sauti kikigonga chini.

Nilimkuta amekaa kwenye meza yake, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umemlalia mapajani kama si wake. Macho yalikuwa yananiona vizuri. Alijaribu kunisemesha, ikatoka sauti tu, hakuna neno ndani yake. Na watu, unawajua watu, mmoja anasema mpeni maji, mwingine anasema mlazeni apumzike, ni jua hilo. Nikawaka. Pale kliniki ya sukari wamebandika bango ukutani, na kila nikimsindikiza kaka nakaa mbele yake kwa kukosa la kufanya: mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakipotea, usingoje.

"Maji mtakunywa nyinyi!" niliwaambia. "Leteni gari!"

Wapagazi walimbeba kama wanavyobeba kioo, wakamweka kwenye pikapu ya samani, na ndani bado kulikuwa na godoro la mtu. Tukaondoka nalo.

Wifi yangu, yaani mke wa kaka, tulimpigia simu njiani, akatukuta mlangoni mwa hospitali. Alikuwa amevaa kandambili moja yake na moja ya mumewe, na hakuwa na habari. Alimshika mumewe shavu lile lililolegea, akaniangalia mimi.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alizungumza taratibu mno. Kila neno aliliweka chini, akaliangalia, ndipo akaokota lingine. Mimi nimekuja mbio na moyo mdomoni, halafu napewa mtu kama huyu. Palepale nikampachika jina, Kobe, na nashukuru sikulitamka.

"Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa lini?" aliuliza.

"Alikuwa katikati ya kabati," nikamjibu.

Akanitazama.

"Ni mnadi, daktari. Alikuwa ananadi kabati, sauti ikakatika. Uwanja mzima umeisikia inakatika."

Mpagazi mmoja aliyekuja nasi akataja saa, maana alikuwa ametoka kuitazama simu yake wakati ule. Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mmefanya vizuri sana. Mngemlaza apumzike, sasa hivi nisingekuwa na la kumfanyia." Nilitaka kumwambia haraka hiyo tuliyoianza sisi aiendeleze yeye, lakini tayari walikuwa wanamsukuma kwenda kupigwa picha ya kichwa.

Aliporudi na majibu alitukusanya mimi na wifi pembeni ya kitanda. Kaka alikuwa macho, anatufuata kwa macho mmoja baada ya mwingine. Daktari hakusema juu ya kichwa chake kama hayupo. Alimgeukia na yeye, akasema, "Baba, nawe sikiliza. Kuna damu imeganda, imeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaotoa maneno na ndio unaoendesha mkono wako wa kulia. Ipo dawa ya kuyeyusha ile damu. Ikifanya kazi, mkono unaweza kurudi, na maneno yanaweza kurudi."

"Basi mpe!" nilisema.

"Nitampa. Lakini dawa hii haichagui, mama. Inayeyusha pale tunapotaka na pale tusipotaka. Ikimkuta presha iko juu, au ikizidi kipimo, au kuna kidonda ndani ambacho sijaambiwa, inaweza ikamwaga damu humohumo kichwani. Nahitaji kuhakikisha mambo machache kwanza."

Mimi nilichotaka ni sauti ya kaka yangu irudi, basi. Hilo tu. Bila sauti ile yeye si mnadi, na mimi nyuma ya ukuta ule nitakaa na cherehani yangu nisikilize nini? Kila dakika niliona inapita na kipande cha sauti yake mkononi. Na Kobe anahakikisha mambo machache.

Alianza kuuliza. Amewahi kupasuliwa karibuni? Ana vidonda vya tumbo? Anameza dawa zozote za kuifanya damu iwe nyepesi? Leo alipokaa, alianguka, aligonga kichwa? Akimaliza kwangu anamwendea wifi, anauliza yaleyale kwa maneno mengine. Akimaliza kwa wifi anamwita mpagazi. Kisha anarudi kwa kaka mwenyewe, anamwambia afumbe macho kama jibu ni ndiyo. Mimi naona tunahojiwa kama wezi.

"Ana uzito gani?" aliuliza muuguzi, mwanamume mmoja mnene mpole aliyekuwa ameshika kalamu.

"Kilo mia!" tulisema mimi na wifi kwa pamoja, na mpagazi kule mlangoni akaitikia, "Mia!"

Wallahi lilitoka lenyewe. Ungeniuliza jina la mama yangu ningechelewa zaidi kulijibu.

Muuguzi akaandika. Daktari akainua kichwa. "Nani alimpima?"

"Huyu hapimwi," nilisema, "huyu anajulikana. Uliza popote."

"Dawa haimjui," alisema daktari kwa upole uleule. "Mhamishieni kwenye kitanda cha mzani. Nguo nzito zote zitoke."

Hapo nililipuka. Nilimwambia huyu si gunia la mkaa, huyu ni mtu, anakufa, na wewe unataka kumweka kwenye mizani. Nilimwuliza kama na urefu wake atataka. Wifi naye akanigeukia mimi: kelele za nini, Sindano, unadhani uko dukani kwako? Nikamwambia yeye anyamaze, maana ndiye anayemtilia chumvi kila sufuria. Akaniambia chumvi na nani, wewe uliyemlisha sambusa juzi nyuma ya ukuta ukidhani sijui? Tulikuwa tumefika pazuri.

"Mama zangu," alisema muuguzi, "hebu tazameni hapa."

Alituonyesha mashine ya presha. Namba ilikuwa juu. Na ilivyokuwa inapimwa tena mbele ya macho yetu, ikatoka kubwa zaidi. Kaka yangu alikuwa ametutolea macho, anatokwa jasho, anajaribu kuinua mkono wake mzima kutunyamazisha.

"Namba hii isiposhuka chini ya mstari, dawa haiingii," alisema muuguzi. "Daktari ameshampa ya kuishusha. Sasa mkimpandisha nyinyi na sisi tunamshusha, tutakutana wapi?"

Ukoo wetu ni ukoo wa makelele. Tunaposalimiana jirani hudhani tunagombana. Lakini siku ile mimi na wifi tulitulia kama maji mtungini. Alinishika mkono, nikamwacha aushike.

Wakamhamishia kaka kwenye kitanda kilichokuwa na mzani chini yake. Muuguzi akachukua mkasi kukata koti, kwa sababu kumvua mtu mkono uliolegea ni kazi. Kitu cha fundi ndani yangu kikashtuka. "Usikate, mshono wake ni wa..." nilianza, na mkasi ukapita.

Sponji ikatoka. Si kidogo. Ilitoka begani, ikatoka kifuani, na kiunoni ikafumka yote kwa pamoja ikaangukia miguuni mwa daktari. Chini ya koti kulikuwa na shati, na chini ya shati kulikuwa na shati. Suruali ya juu ikatolewa, ya chini ikabaki, na mkanda wake una matundu ya nyongeza niliyotoboa mimi mwenyewe kwa msumari. Katikati ya yote hayo alikuwa amelala kaka yangu, mwanamume wa kawaida, mbavu zake unaziona.

Mpagazi mlangoni alikodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kaka akageuza uso ukutani. Hata kusema hawezi, lakini aibu aliiweza.

Kilo mia nilizisema kwa mdomo wangu, na zile zilizozidi nilizishona kwa mikono yangu, na nusura zote ziingie kwenye mshipa wa kaka yangu kama dawa.

Nilingoja daktari anigeukie, anipe vipande vyangu. Nilistahili. Angecheka pia ningestahili. Hakufanya hata kimoja. Aliokota ile sponji sakafuni, akaiweka vizuri juu ya kiti kama nguo ya mtu, akainama kwenye mzani.

"Sabini na mbili," alisema. Akamfunika kaka shuka hadi shingoni, ndipo akamwambia, "Baba, umejitahidi na sukari yako. Wengi ninaowaambia wapungue hawapungui."

Kisha wakafanya jambo ambalo sitalisahau. Daktari alichukua ile karatasi iliyoandikwa mia, akaichana. Yeye na muuguzi wakapeana migongo, kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja akapiga hesabu ya dawa peke yake bila kumchungulia mwenzake. Wakageuka, wakasoma kwa pamoja kwa sauti. Majibu yalifanana. Hata hivyo muuguzi akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akamwonyesha daktari mstari ulipofika, daktari akausoma, akanipa na mimi nione.

"Na mimi wa nini?" niliuliza.

"Wewe ni fundi," alisema. "Unajua kupima mara mbili kabla ya kukata."

Presha ilikuwa imeshuka chini ya mstari. Nilivyotazama saa ya ukutani ndipo nilipoelewa. Wakati sisi tunahojiwa, dawa ya presha ilikuwa inafanya kazi. Wakati anapimwa uzito, majibu ya sukari yalikuwa yanarudi. Hakuna kitu kilichongoja kingine. Mdomo wa Kobe ndio uliokuwa taratibu, mikono yake ilikuwa mbele yetu sote, na mimi nilikuwa nimesikiliza mdomo tu.

Akamsukumia dawa kidogo kwa mkono, iliyobaki ikawekwa kwenye mashine iingie polepole. "Kuanzia sasa mpaka kesho saa kama hizi," muuguzi alitutangazia, "haguswi. Hachomwi popote bila sababu. Hanyolewi. Hapigwi mswaki. Haingizwi mpira wowote, wa mkojo wala wa puani. Hapewi hata aspirini. Na hali chochote mpaka tumjaribu kumeza." Wifi taratibu akautoa mswaki aliokuwa ameuficha kwenye mkoba, akamkabidhi. "Na sindano je, zinaruhusiwa kukaa?" nikauliza, nikajionyesha kifuani, na wifi akalazimika kumweleza jina langu. Muuguzi akacheka. Akasema sindano inayokaa kimya inaruhusiwa.

Daktari alivuta stuli, akakaa kando ya kitanda. Ilikuwa stuli ya mbao, ngumu, mguu mmoja mfupi. Kila robo saa anapima presha, anamwuliza kichwa kinauma, anamwambia nishike vidole, ninyanyulie mguu, nionyeshe meno. Robo saa inayofuata, yaleyale, kwa sauti ileile, kama hajawahi kuuliza. Nimeshona sare za shule maisha yangu yote, najua kurudia kitu kimoja bila kukichokea ni kazi ya namna gani. Mimi hufika shati la ishirini nikaanza kutukana uzi.

Dawa ilipokuwa inakaribia kuisha nikaona damu. Ilikuwa kwenye pembe ya mdomo wa kaka, nyekundu, inateremka. Nilipiga ukelele. Daktari alikuwa amekwenda kwa mgonjwa mwingine mwisho wa chumba, na hapo nikaona nisichotegemea kukiona: alikimbia. Alikuja mbio, akasimamisha mashine ya dawa kabla hajasimama yeye mwenyewe, akamshika kaka kidevu.

"Kichwa kinauma? Hapana? Nitazame. Nishike vidole. Vyote viwili. Nionyeshe ulimi."

Alimchunguza macho, akapima presha, akamchunguza macho tena. Ndipo akafungua mdomo kwa kidole chenye glovu. Lilikuwa ni shavu kwa ndani. Alijiuma pale alipokaa ghafla juu ya meza. Daktari akamwekea pamba, akaikandamiza mwenyewe, akakaa hivyo hivyo na kidole chake mdomoni mwa kaka yangu mpaka damu ilipokata. Kisha akaiwasha mashine.

"Umefanya vizuri kupiga kelele," aliniambia. "Hii haikuwa mbaya. Ya kuogopa ni ile tusiyoiona. Ndiyo maana namwuliza maswali yale yale."

"Niliogopa, mwanangu," nilisema, na nikashangaa lile neno limetoka wapi.

"Na mimi," alisema.

Jioni alikwenda kula, muuguzi akashika zamu ya stuli. Nikamwuliza huyu binti amefundishwa wapi utaratibu huu. Akaniambia zamani pale walikuwa wanakisia. Mtu anaingia, wanamtazama, wanasema huyu ni sabini, huyu ni tisini, mchomeni, muda unakwenda. Wengi walipona. Wengine dawa iliwafungulia damu kichwani, na hakuna aliyejua kama ni uzito, au presha, au kitu ambacho familia haikukisema. Alipokuja yeye akakataa kukisia. Akadai kitanda cha mzani kila kikao, mpaka wakubwa wakawa wakimwona mlangoni wanasema mzani huyo. Hesabu ya kupeana migongo ni yake. Kuuliza kila mtu peke yake ni kwake. "Siku hizi wanaovuja damu ni wachache kuliko zamani," alisema, "na yule mmoja akitokea, daktari hulala hapahapa." Akaongeza kwamba wenyewe humwita Mzani mpaka leo, na yeye anajua, wala hachukii.

Nikamtazama kaka. Alikuwa amelala, na vidole vya mkono wa kulia, vile vilivyokuwa vimekufa, vilikuwa vinachezacheza juu ya shuka. Nililia kimya kimya, ile presha isije ikapanda.

Kesho yake walimrudisha kwenye picha ya kichwa. Daktari alikuja na majibu akitembea kwa mwendo wake, na safari hii sikumlaumu, nilikuwa nimeshika shuka kwa mikono miwili. "Hakuna hata tone," alisema. "Ubongo uko safi." Wifi akaniangukia shingoni. Ile ya sambusa hakuitaja tena, mpaka mwezi uliofuata.

Lakini kaka alikuwa hajasema neno. Alikuwa anatoa sauti, anahangaika, anakata tamaa, anafumba macho. Wapagazi wake walikuja kumwona, wote, wamejipanga miguuni mwa kitanda wakiwa wamevua kofia, na nadhani habari za sponji walikuwa wamekwisha kupashana, maana kila mmoja alikuwa anatazama dari. Nikaona kaka anavuta shuka juu. Nikataka kuwafukuza.

Daktari akainama. "Baba, tujaribu tena. Usilazimishe. Niambie unaitwa nani."

Kaka akavuta pumzi. Aliwatazama wapagazi wake mmoja mmoja, akanitazama mimi. Akanyamaza kidogo, na kile kimya nikakitambua, ndicho kile cha kabla ya maneno makubwa. Kisha sauti ikatoka, nzito, inakwaruza, inachechemea, lakini yenye neno ndani yake.

"Kilo," alisema. "Sabini. Na mbili."

Wifi akashika mdomo. Alidhani amechanganyikiwa, na mimi kwa nukta moja nilidhani hivyohivyo. Mpaka alipotabasamu. Alitabasamu kwa mdomo wote, kulia na kushoto, sawasawa, na wapagazi wakapasua kicheko kilichomfanya muuguzi atoke mbio kutuonyesha mashine.

Amerudi kazini. Mkono wa kulia bado unachoka upesi, na kuna maneno ambayo humkimbia, basi husimama akayangoja, na wateja wanadhani ni mbinu ile ile ya zamani. Ananadi kwa shati moja. Namsikia kupitia ukutani, na mimi nashona kwa mwendo wake.

Lile koti lililokatwa niliomba nirudishiwe. Sponji yake niliitoa yote, nikaifua, nikaianika, nikashona mto wa duara wa kutandika kwenye stuli, kitambaa kigumu cha buluu, mshono mara mbili. Niliupeleka mwenyewe. Daktari aliugeuza huku na huku, akauliza ni wa nini, nikamwambia mwanangu, wewe kaa tu. Sasa kila anapokaa kando ya mgonjwa robo saa baada ya robo saa na kumwuliza yaleyale, anakalia kilo ishirini na nane za kaka yangu.